Mashine Ilimjibu Mama

Butembo, 19 Januari 2003

Kwako yaya Rébecca, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto. Mko hai huko Beni? Sisi wa mtaa wa Rughenda tunapumua bado, Mungu asifiwe, ila tangu juzi sina amani. Naogopa sana, yaya.

Unajua kazi yangu ya kutafuta watu waliopotezana na jamaa zao katika vita. Mashine zetu za Butembo, Beni na Oicha zinasemezana kila siku kwa redio, ile phonie. Jina la anayetafutwa linakaa katika mashine yangu mradi Beni ao Oicha inasema bado inalihitaji. Likikosa wa kulishika, ufagio wa mashine unalizoa kama takataka, maana nafasi ni ndogo.

Jina la Mama yetu, aliyetupotea vitani, lilishikwa na Oicha peke yake. Wewe ulitaka kumwandikisha na Beni, nikakukataza. Nilijidai kwamba mwenye ndugu kwenye mashine hapangi mustari kwenye bureau, ofisini, pamoja na watu.

Mwanzo wa mwezi huu askari walibeba betri za Oicha, kituo kikanyamaza. Siku ya nane ufagio ukapita, wala sikuangalia umezoa nini.

Juzi Oicha ikarudi. Malachie, mwenzetu wa kule, alinieleza kwamba amefika bibi mwenye fimbo, asemaye Kinande tupu, akajitaja Kyakimwa, mama ya Rébecca na Siméon. Malachie akauliza mashine yangu kwa phonie nani anamtafuta. Ikajibu hakuna, naye akamwambia hivyo hivyo. Mama aliuliza tu kama watoto wake wote wawili wamekufa. Kisha akashika barabara ya Mbau, ile inayokuja huko Beni, kwa miguu, akisema anatafuta mahali pa kutulilia.

Yaya, siku saba zile za kungoja kituo kilichonyamaza kabla ya kuzoa majina yake niliziweka mimi. Gérard, chef wangu, mkubwa wa kazi, alinionya kwamba wakati wa vita kituo kinaweza kunyamaza na watu wake wangali hai. Nikamcheka. Sasa ufagio nimeuzima, lakini majuto ni mjukuu.

Tangu jana phonie ya Beni nayo haijibu, sijui kuna nini huko. Ndiyo maana Vagheni anakuletea barua hii kwa pikipiki. Ukiisoma, usikae. Nenda kwenye barrière, kile kizuizi cha njia ya Oicha, umngojee Mama. Akikuona, mwambie kwanza kwamba tuko hai. Halafu mwambie kwamba ni mimi niliyepoteza jina lake.

Wasalimu wote wa nyumbani, na mtuombee.

Mdogo wako,
Siméon