Matoazi Yenye Nundu Kubwa

Mama mpendwa,

Nisamehe kwa kukaa kimya tangu Neema apone ile homa ya uti wa mgongo. Nilikuwa nangoja niwe na habari njema.

Juzi mimi na Baba Neema tulienda soko la Konyo Konyo kununulia kanisa haihati, yale matoazi mawili ya ngoma yanayokanyagwa kwa mguu. Mganda mmoja alikuwa na jozi mbili. Moja ina nundu ndogo katikati na sauti yake ni ya upole. Nyingine nundu yake imeinuka kama bakuli, na inalia mpaka meno yanauma. Baba Neema alipoigonga hiyo, vibanda vyote vya jirani viligeuka kututazama.

"Mama, huyu mtoto wako iko na usingizi kama askofu," muuzaji akacheka.

Neema hakuwa amelala, Mama. Alikuwa mgongoni mwangu, macho wazi, anatazama kuku, wala hakushtuka.

Baba Neema akagonga tena, kwa nguvu zaidi; mtoto bado anatazama kuku. Halafu akasema, bila kuniangalia, tuchukue ile ndogo, kwa kuwa kanisa letu ni la mabati. Nikakataa. Nilimshusha mtoto, nikaweka kiganja chake juu ya ile nundu kubwa ikiwa bado inatetemeka. Akacheka. Tukainunua hiyo.

Usilie sana, na Baba umwambie polepole. Nitumie leso mbili, unga wa wimbi na soksi zake za sufu. Kile kikayamba cha kutikisa ulichomtengenezea, kitume pia. Atakishika.

Nyambura wako