Friji Inayochoka Baada ya Boma la Kwanza

Nyumba ya Mungu,
3 Februari 2025

Mjomba Gadiel, shikamoo.

Natumaini goti limetulia na baridi ya Chome haijakufungia ndani. Sisi huku bwawani ni wazima, ila jua limetushika shingoni.

Nakuandikia kwa sababu simu hukatika kila unapoanza kueleza, na ulisema mwenyewe fizikia haifundishwi vipande vipande. Tatizo langu ni friji. Unajua kazi yangu: navuka bwawa kuwachanja ng'ombe wa wafugaji wa ng'ambo, wasipatwe na homa ya mapafu. Chanjo husafiri ndani ya friji ya boti, ile inayofunguka juu, inayotumia betri na sola. Joto likizidi nyuzi nane, chanjo imekufa.

Asubuhi tunaondoka ikisoma nyuzi nne. Boma la kwanza, la Yeyo Nairesiae (yeyo ni mama kwa Kimaasai), nachanja vizuri. Tukifika boma la pili nakuta kumi na tatu. Mara mbili sasa nimemwaga chanjo mbele ya watu walioacha malisho wakanisubiri, na ugonjwa umeshasikika kwa majirani zao. Sielewi, Mjomba. Kama friji ni mbovu, mbona asubuhi ni nzima?

Mpwa wako,
Aneth

Chome,
7 Februari 2025

Mpwa wangu Aneth, marahaba.

Goti linalalamika kwenye miteremko tu; kwenye kupanda linanyamaza, sijui kwa nini. Barua yako imenifikia kupitia dukani kwa Agatha pale Same.

Tuanze mwanzo. Watu hudhani friji hutengeneza baridi. Haitengenezi. Kazi yake ni kuchukua joto lililo ndani na kulitupa nje, kama mtu anayekumba maji kwenye boti inayovuja. Akikumba kwa nguvu zake zote na maji yasipungue, ama amechoka, ama tundu ni kubwa kuliko ndoo yake. Basi tujiulize: friji imechoka, au joto linaingia? Na kama linaingia, linapitia wapi?

Pima betri wakati kompresa inanguruma, si ikiwa imelala. Betri iliyochoka hudanganya ikiwa imepumzika. Halafu tazama matundu ya kutolea joto, yasizibwe na kitu. Mwisho chukua karatasi, ibane kwenye mfuniko, uivute. Ikitoka kirahisi, raba imelegea. Fanya moja moja, usibadilishe mambo mawili kwa mpigo, hutajua lililokuponya.

Mjomba wako,
Gadiel

Nyumba ya Mungu,
13 Februari 2025

Mjomba, shikamoo tena.

Huku hatujambo, isipokuwa kichwa changu. Nimefanya yote. Betri ina nguvu. Matundu yalikuwa yamezibwa nusu na maboya ya kuokolea. Tumeyahamisha, hakuna kilichobadilika. Karatasi ilichanika kabla ya kutoka.

Nikajaribu kwa akili yangu. Tulishinda ufukweni siku nzima, boti imefungwa: nyuzi nne. Tukavuka mpaka ng'ambo tukageuza bila kushuka: nyuzi nne. Nikafurahi. Jumanne tukaenda kazini. Boma la kwanza, nyuzi nne. Boma la pili, kumi na nne.

Mzee wa boma la pili alinitazama nikimwaga, akasema, "Daktari, hiyo friji yako inaijua nyumba ya Nairesiae peke yake. Wamekunywesha maziwa." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana ni kweli Yeyo hutupa vibuyu vya maziwa ya alfajiri kila tukienda, na maziwa ya mama kama yule hayakataliwi. Parsimei, nahodha wetu, ndiye huyapokea wakati mimi niko zizini, naye hunipa fungu langu jioni tukirudi, bado matamu. Sasa nimeonekana mla rushwa kwa kikombe cha maziwa.

Ofisini wamesema imebaki safari moja, tarehe ishirini na mbili. Nikishindwa, ng'ambo watasubiri mwaka ujao. Ugonjwa hautasubiri.

Mpwa wako aliyechanganyikiwa,
Aneth

Chome,
17 Februari 2025

Mpwa wangu, marahaba.

Hata mimi nilichanganyikiwa. Siku mbili nilikuwa na hakika ni mawimbi. Nikachora boti imeinama, nikachora kompresa, nikajiridhisha kabisa. Kisha nikakumbuka ulivuka na kurudi salama. Nikachana mchoro.

Nikaisoma barua yako upya, safari hii nikiruka habari za friji. Nikakwama pale penye maziwa. Unasema yamekamuliwa alfajiri, na jioni bado ni matamu. Aneth, katika joto la huko tambarare, maziwa mabichi hayafiki jioni bila kuanza kuchachuka. Hayo yalishinda wapi?

Maziwa hutoka kiweleni na joto la mwili wa ng'ombe, na kibuyu hulitunza joto hilo kama blanketi. Ukiviweka vibuyu viwili vitatu ndani ya friji ndogo, umeweka jiko. Inua kikapu cha chanjo, uangalie chini yake. Usimgombeze Parsimei. Na namna ya kumweleza mama mwenye maziwa, mimi mtu wa milimani sikufundishi.

Mjomba wako,
Gadiel

Nyumba ya Mungu,
24 Februari 2025

Mjomba, shikamoo.

Sijambo, na leo nina usingizi wa kutosha.

Niliinua kikapu. Chini yake, pale pa kuwekea barafu, palinukia maziwa na ule moshi wa kusafishia vibuyu. Nikamwuliza Parsimei. Akasema, "Ulitaka niweke maziwa ya mama chini, kwenye magamba ya samaki?" Nikamwuliza mbona hakuniambia. "Hukuuliza maziwa. Uliuliza friji."

Tarehe ishirini na mbili tulishuka kwa Yeyo Nairesiae kwanza, maana nyumba ya mtu mzima haipitwi bila salamu. Parsimei akamtafsiria habari yote. Alicheka mpaka akajiegemeza kwenye fimbo yake. Akasema, "Kwa hiyo maziwa yangu yameua dawa ya ng'ombe wa jirani yangu?" Kisha akafunga kibuyu. "Ng'ombe wangu wameshapata. Nendeni kwao. Maziwa mtayakuta mkirudi."

Boma la pili, nyuzi nne. La tatu, tano. Ng'ombe wote wamechanjwa. Yule mzee alichungulia kipimajoto mwenyewe, akatuletea vibuyu viwili vya maziwa. Mpaka jioni chanjo zilikuwa zimekwisha na friji tupu, nikamwambia Parsimei aijaze. Yeyo amekutengea kibuyu kimoja, "cha yule mjomba anayeona maziwa akiwa mlimani." Nimempa kondakta wa basi la Same.

Mpwa wako,
Aneth

Chome,
1 Machi 2025

Mpwa wangu Aneth, marahaba.

Goti halijambo. Kibuyu kimefika, baada ya siku tatu za mabasi na dukani kwa Agatha. Kama ungetaka kujua yaliyotokea ndani yake ningekueleza kurasa mbili. Hata hivyo maziwa ya mama kama yule hayakataliwi. Nimeyanywa yote, mgando na moshi wake.

Chombo cha watu hakirudi kitupu. Nimekijaza maharage ya shambani. Ni makavu, Parsimei ayaweke popote.

Mjomba wako,
Gadiel