Meza ya Ukumbini Dunarroch

Kasri la Dunarroch,
4 Machi 1988

Baba mpendwa,

Hamjambo huko Badcraig? Kifua chako kimepona ile baridi ya Januari? Na goti la mama? Mimi mzima, ila mikono imebabuka kwa mafuta ya moto.

Kaa kitako nikupe habari. Mpishi mkuu Mfaransa amerudi kwao, na jana meneja, Bwana Ogilvie, alinikabidhi jiko. Mimi, baba! Watu wanapanda treni kutoka London kuja kula tu katika ukumbi huu, na usiku wanalala minarani kama wafalme. Sasa watakula ninachoamua mimi.

Mwezi wa Mei wewe unatimiza miaka sabini. Njooni wewe na mama, mlale hapa, mle mezani kwa heshima zote. Na usisingizie kwamba kondoo wanazaa. Mei watakuwa wamemaliza.

Mwanao,
Ishbel


Badcraig,
15 Machi

Ishbel mwanangu,

Salamu nyingi. Kifua kimetulia. Goti la mama yako linalalamika kuliko mwenyewe. Kwa habari yako alilia, kisha akaenda kuitangaza kanisani kote.

Lakini huko siji. Unalijua bonde lililo chini ya hilo kasri. Watu wetu waliishi humo mpaka bwana wa Dunarroch alipowachomea nyumba ili kondoo wake wapate malisho. Wakaja kuanza upya huku pwani, juu ya mawe. Na baba yangu alipowapelekea nyama ya paa, walimsimamisha mlango wa nyuma, mvua inamnyeshea, kofia mkononi, mpaka mtu alipokumbuka kwamba yupo. Nilikuwa naye. Leo nikakae mezani kwao nijitandazie kitambaa mapajani? Hapana. Wewe pika vizuri, nitakusifu nikiwa hapa hapa.

Baba yako


Dunarroch,
22 Machi

Baba,

Natumaini mu wazima. Mwili wangu ni mzima, moyo ndio unauma.

Hao mabwana waliuza kasri zamani, likawa hoteli. Aliyebaki ni bibi kizee mmoja, Lady Hester, anayekaa mnara wa mashariki kama mpangaji, na hula peke yake dirishani. Huyo ndiye anayekutisha? Babu alisimama mlango wa nyuma, na leo jiko lililo nyuma ya mlango huo ni langu. Unataka niwapikie wageni tu, baba yangu mwenyewe asionje? Basi kama huji, usiniandikie sifa.

Ishbel


Dunarroch,
30 Aprili

Baba,

Mzima wewe? Mama je? Mwezi mzima hamjaniandikia. Kama ni hasira, imetosha sasa. Niandikie hata habari za kondoo.

Tarehe 14 Mei tunafungua msimu kwa karamu. Nimeacha vyakula vya Kifaransa. Nitapika vyetu: supu ya yale majani yanayowasha, kondoo aliyechemshwa polepole na shayiri, jibini laini kama la mama. Bwana Ogilvie anasema wageni watacheka. Nimemwambia, "Waache wacheke na vijiko mdomoni." Akanijibu, "Wakicheka kweli, Ishbel, ninaleta mpishi kutoka Edinburgh."

Naogopa, baba. Niombeeni.

Mwanao


Badcraig,
17 Mei

Ishbel mwanangu, mboni ya jicho langu,

Umeamkaje? Umepumzika? Sisi tumefika salama, na goti la mama yako eti limepona. Usiku ule ulipotuona ulilia hata tusiweze kuzungumza, kwa hiyo nakueleza yaliyotokea ukumbini wewe ukiwa jikoni.

Barua yako ilipofika, mama yako alisema, "Lachlan, wewe baki na mababu zako. Mimi naenda kwa binti yangu." Ningefanyaje? Tukaomba chumba kwa jina la kwao mama yako, usitujue.

Tuliingia mlango wa mbele. Mama yako akanifinya: "Vua kofia, uko ndani!" Nikamwambia, "Nitaivua nikishakaa." Wakatuweka chini ya picha ya yule bwana mchoma nyumba, pua kama jembe. "Mgeuzie mgongo," mama yako akasema, "tule."

Supu ikaja. Bwana mmoja wa London akaitazama: "Haya si magugu?" Mkewe akamjibu, "Magugu au si magugu, nisogezee mkate." Yule bwana akaonja, akaomba nyingine. Kondoo alipoletwa, ukumbi mzima ulikuwa kimya. Ule ukimya wa watu wanaokula kweli, Ishbel.

Ndipo Lady Hester akagonga fimbo sakafuni. "Ogilvie! Nani amepika hiki?"

Ogilvie akababaika. "Mpishi mpya, bibi. Tutarekebisha..."

"Urekebishe nini? Mlete hapa! Ni mtu wa wapi?"

Sijui nilisimama saa ngapi. Nikajisikia nikisema, "Ni wa bonde hilo hapo chini, kabla watu wetu hawajachomewa nyumba. Ni binti yangu."

 Mama yako alishika uma kama mkuki. Bibi kizee akanitazama, akaitazama picha.

"Waliochoma ni watu wangu," akasema. "Siwezi kukuambia vingine. Njoo ukae nami, mzee. Katika nyumba hii sijapata kula hivi."

"Niko na mke wangu," nikamjibu. "Njoo wewe kwetu."

Na akaja! Na fimbo yake, na glasi yake ya mvinyo, akavutiwa kiti kati yetu. Hapo ndipo ulipotokea mlangoni na unga kidevuni, na ukumbi mzima ukasimama kukupigia makofi. Nilipiga mpaka viganja vikawaka.

Lakini hili hulijui. Asubuhi yake ulipokuwa ukiandaa kifungua kinywa, nilishuka bondeni na mama yako. Kuta bado zipo, zinafika magotini. Nikakaa juu ya ukuta mmoja, nimeshiba chakula cha mwanangu, nikaanza kuimba Zaburi kwa Kigaeli, lugha ya mababu zetu. "Polepole, Lachlan," mama yako akasema, "utawaamsha watu." Nikapandisha sauti. Naye, unamjua, akaipokea na kunizidi. Tukaimba mpaka madirisha ya kasri yakaanza kufunguka moja baada ya jingine, na hatukunyamaza.

Baba yako