Firigisi ya Chwele

Dada Nekesa,

Natumaini huko Matisi nguo zinakauka. Hapa Chwele ni mvua, na hawa waandishi wa tamthilia wenzangu wa warsha, kutoka kila nchi, wamenichosha. Leo mama mwenyeji wetu alipika kuku, akauliza, "Firigisi ni ya mkubwa. Sasa mkubwa wenu ni nani?" Mwenzetu wa Peru, jaji mstaafu, akataka tupige kura. Yule wa Poland mwenye bucha akasema mkubwa ni anayejua nyama. Simran mwenye hadiwea Kitale, lile duka la misumari na mabati, ambaye hata hali nyama, akauliza kwa nini wanawake hawapewi. Ugali ukapoa, bana, na mimi Mbukusu, mtu wa ugali na kuku, nimeshanawa mikono kitambo. Mama akatusikiliza, akaila mwenyewe.

Nikirudi nichinjie kuku, tugawane firigisi kabla mtu hajauliza lolote.

Kakako mwenye njaa,
Wafula