Zoezi ambalo mama alilikataa

Rosemary, upo? Nimetolewa nje ya chumba cha fiziotherapia. Aliyenitoa ni mama mwenyewe.

Yule kijana wa mazoezi alimwambia kwa adabu, "Bibi, lala chali, kunja magoti, unyanyue kiuno." Mama akakataa. Akakataa kabisa! Mimi nikasema, "Mama, kama si uvivu, mwonyeshe basi."

Akaniangalia. "Hata mwenyekiti alisema hivyo hivyo." Ndipo akanisimulia.

Mgongo ule ni wa mwaka sabini na tano, Rose. Aliumia kule Chome, akibeba mawe ya barabara kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji. Hospitali wakampa zoezi hilo hilo, alifanye kila asubuhi. Jirani akamwona amelala mkekani wakati wenzake wako shamba la ujamaa, akamshtaki. Mkutanoni mwenyekiti wa kijiji akamwambia, "Kama si uvivu, tuonyeshe hayo matibabu."

Akalala. Chini, mavumbini! Akanyanyua kiuno huku ameibana kanga kwa mikono miwili, na baba mkwe wake ameketi mbele. Watu wakacheka. Mzee akainuka, akaondoka, na hakumwita tena "mwanangu" mpaka anakufa.

Tangu siku ile hajalifanya. Miaka hamsini anaumwa, na sisi wanawe tunamwita mkaidi.

Nilimwomba radhi palepale. Alimgeukia yule kijana akasema, "Nitalifanya, mjukuu wangu. Lakini huyu atoke kwanza."