Siku Somoe Alipoitwa Mwanangu

Shoga, uko wapi. Somoe wetu katoka hospitali sasa hivi, hata kula siwezi.

Si daktari alimfunga kamashine kifuani juzi, avae siku nzima akifanya kazi zake zote, kanase mapigo pale moyo unapomwenda mbio.

Mama mkwe wake akadhani kananasa na maneno. Shoga, maneno. Basi jana Likombe nzima imemsikia: mwanangu kaa. Mwanangu, korosho nitaokota mimi, jua kali. Mwanangu. Yule yule anayemwita jini mvivu.

Leo mama mkwe kamuuliza daktari, "Na tuliyoyasema yameingia humo?" Akajibiwa hainasi sauti, inanasa mapigo tu.

Sura ikageuka palepale. Daktari akamuuliza Somoe kama alifanya kazi kama kawaida. Mama mkwe akadakia, "Zote. Hata korosho kaokota."

Daktari akaandika: moyo mzima.

Hawajafika hata getini: "Umesikia, mvivu we? Kesho alfajiri shambani, na za jana utaziokota."

Somoe anasema ndipo moyo ulipoanza kumwenda mbio. Akashika kifua. Mashine imebaki mezani kwa daktari.