Kisima cha Banissa Kimepata Jina

Abshir mume wangu,

Salamu za Mungu zikufikie huko Nairobi. Yule mbuzi mweupe amezaa mapacha. Picha ya setilaiti uliyonitumia nimeitundika juu ya kitanda. Kila nikilala mchana, ule mstari wa buluu, maji yaliyo chini ya ardhi, hutoka kwenye karatasi ukapita chini ya mgongo wangu, taratibu, kama ngamia wanaohama.

Mashine ilichimba pale pale ulipoweka alama kwenye picha. Maji yametoka, baridi, matamu.

Unajua huku kisima hupewa jina la aliyekipata. Wazee wakasema, "Kiitwe Abshir." Nikakataa! Nikawaambia Abshir amekiona kutoka angani tu, hajakanyaga hapa tangu ukame ule tulipomzika binti yetu.

Basi kinaitwa Kaaha. Tangu asubuhi nasikia wachungaji wakiitana, "Twendeni kwa Kaaha!" Nikifumba macho, naona kama wanamfuata wakacheze.

Jina hilo hulitamki hata kwenye simu. Si lazima ulitamke. Njoo ulinywe.

Mkeo Sirad,
Mama Kaaha